Uzi wa ndege wa masika: uani kwako na mtaani kwako Mombasa umeona nini?

UaniKisauni
Aprili 2, saa 1:20 asubuhi

Sabalkheri wanajamvi. Kaskazi imekatika. Juzi upepo ulisimama kutwa, hata nguo kwenye kamba hazikutikisika, na jana alasiri ukaanza kuja kutoka kusini na harufu ya mvua. Majira haya ndiyo mimi hufungua daftari jipya, kwa sababu ndege wanatoka na kuingia kwa wakati mmoja: wageni wa kaskazi wanafunga safari kurudi Ulaya na Asia, na wenyeji wanaanza kujenga. Nimeona nifungue uzi mmoja tuandike sote. Uwe na darubini usiwe nayo, uwe umeona ndege mia au jurawa mmoja dirishani, karibu.

Naanza na kwangu. Ua wetu si mkubwa: minazi miwili, mpapai, mkomamanga, na mwarobaini wa jirani ulioinamia ukuta wetu. Tangu mwisho wa Machi mnana wameushika mnazi wa upande wa kisima. Leo nimehesabu viota kumi na kimoja, vinne vikiwa bado pete tu. Nilikaa na chai yangu nikamtazama dume mmoja tangu mwanzo. Alitua kwenye kuti bichi, akauma ukingo wa jani karibu na uti wake, kisha akaruka huku ameng'ang'ania. Uzi ukachanika wenyewe kufuata mshipa wa jani, mrefu kumshinda yeye mara mbili. Akaufikisha kwenye pete yake, akaupenyeza kwa mdomo upande huu, akauvuta upande wa pili, akaupenyeza tena, mguu mmoja umeukanyaga usichomoke. Baadaye akajining'iniza chini ya kiota, kichwa chini, akipigapiga mabawa na kulia ile sauti ya kukwaruza. Jike akaja, akatia kichwa ndani, akavuta unyuzi mmoja, akaenda zake. Dume akakaa kidogo, halafu akaanza kubomoa.

Wengine wa wiki hii: chozi wawili kwenye maua ya mkomamanga, kuzumburu saba waliolitoboa papai langu kubwa kabla sijalichuma, shore, kwezi, mwewe mmoja, na dudumizi ambaye amelia alfajiri siku tatu mfululizo, ile sauti ya maji yakimiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema, "Dudumizi akilia, mvua i ndiani." Usiku wa jana imenyesha.

Nina jambo jingine la kuuliza, nitalileta jioni.

KitwitwiTudor
Aprili 2, saa 3:05 asubuhi

Ahsante mama kwa kufungua. Mimi niko Tudor, ndege wangu ni wa matope. Jana ilikuwa bamvua, maji yakapwa mbali sana, nikashuka ukingoni karibu na mikoko saa nne asubuhi. Kitwitwi walikuwa wengi hata nikaacha kuhesabu. Nawaomba mtu yeyote aliye karibu na hori aende wiki hii au ijayo, kwa sababu wanabadilisha nguo. Wale kitwitwi wenye mdomo uliopinda kuelekea chini, ambao tangu Septemba ni kijivu kitupu, sasa wana mabaka mekundu kama matofali kifuani na tumboni. Mmoja alikuwa ameiva kabisa, mwekundu wote. Hao wanazaliana juu kabisa ya Siberia, kandokando ya Bahari ya Aktiki. Ukimwona mwekundu hapa Tudor, jua kwamba bado siku chache tu aondoke.

Sululu kumi na wanne. Mdiria wa mikoko mmoja, mdomo mwekundu mtupu, ametulia kwenye tawi akisubiri kaa. Yangeyange wasio na idadi.

Keremkerem wekundu sijawaona tangu wiki iliyopita. Walikuwa wakilala kwenye mikoko jioni, kundi zima likishuka pamoja kama kanga iliyokung'utwa. Nadhani wameshakwenda kaskazini.

Mwanafunzi_Mtwapa
Aprili 2, saa 7:40 mchana

Hamjambo wakubwa zangu. Mimi ni mgeni humu. Kuna ndege nimemwona kwenye waya wa umeme njiani kutoka shule, kisha nikamwona mwingine, na mwingine, karibu kila baada ya nguzo tatu. Ni wa buluu ya bahari kichwani na kifuani, mgongo wa kahawia, na akiruka mabawa yanang'aa buluu sana. Ni mkubwa kuliko njiwa kidogo au sawa naye. Mwalimu wetu anasema ni yule wa kwenye picha za Tsavo, mwenye kifua cha zambarau. Lakini wangu hakuwa na zambarau.

KibokoniJuu
Aprili 2, saa 8:15 mchana

Mwanangu, umetazama vizuri. Yule wa Tsavo mwenye kifua cha zambarau ana manyoya mawili marefu membamba mkiani, na ni mkazi wa Afrika. Wako hana manyoya hayo, sivyo? Huyo ni msafiri, jina lake la kitaalamu ni Coracias garrulus. Anakaa kusini ya Afrika wakati huko Ulaya kuna baridi, na mwanzoni mwa Aprili wanapita pwani yetu kwa wingi wakirudi kuzaliana. Ndiyo maana umeona nguzo baada ya nguzo. Sisi tukiwaita chole. Ukitoka kesho angalia tena, wiki moja tu na wametoweka. Andika tarehe, na andika idadi.

Mwanafunzi_Mtwapa
Aprili 2, saa 8:30 mchana

Kweli hakuwa na manyoya marefu! Ahsante sana mzee wangu. Nilihesabu tisa, sasa nimeandika.

UaniKisauni
Aprili 2, saa 2:10 usiku

Nimerudi na lile jambo. Mwenye nyumba amekuja leo, amesema minazi isafishwe wiki hii. Ana sababu: makuti makavu yanaanguka, na mwezi uliopita moja lilimkosa mtoto wa mpangaji mwenzangu kwa hatua mbili. Siwezi kubishana na hilo. Nilimwonyesha viota vya mnana, akavitazama, akasema haya, mnazi wa kisima tuuache, na ule wa pili tukate makavu tu yaliyoning'inia, mabichi yasiguswe. Mimi nimeshukuru na nimekubali. Nauliza tu, mnana wakisikia panga kwenye mnazi wa pili watahama?

BamburiKwetu
Aprili 2, saa 2:25 usiku

Hawahami mama, mnana wamezoea watu. Wanajenga hata juu ya vituo vya matatu. Makavu hayana kitu, kata tu. Una mwenye nyumba mwema.

KitwitwiTudor
Aprili 2, saa 2:31 usiku

Naunga mkono. Viota vyote viko kwenye mabichi.

Mkwezi_wa_Frere
Aprili 2, saa 4:02 usiku

Salaam aleikum. Mimi si mtu wa darubini, mimi ni mkwezi. Kazi hii nimeirithi kwa baba. Husoma humu kimya kimya, leo imenibidi niandike.

Mama, usikate makavu. Ngoja kwanza.

Huko juu nimeona mambo ambayo mtu wa chini haoni. Makavu yale yanayolala kwenye shina, yaliyoinama chini kabisa, ndiyo nyumba ya wale mbayuwayu wadogo wembamba, wenye mkia kama mkasi. Hutakiona kiota. Kiota chao ni kijipande kama sarafu ya shilingi ishirini, manyoya na sufi, kimebandikwa ndani ya jani kavu kwa mate yao. Mate mama, si udongo. Na mayai yamegandishwa papo hapo. Ukilitikisa kuti mayai hayaanguki. Nimeliona kwa macho haya. Mama yao halalii kama kuku, amesimama wima, ameshika kwa kucha, kifua kimebandika mayai.

Siku za nyuma nilikuwa nikikata bila kuangalia. Kuti linafika chini, naliona na vitoto viwili vimeng'ang'ania, havina manyoya, bado vi hai. Huwezi kuvirudisha. Hilo limenikaa moyoni, ndiyo sababu naandika.

KibokoniJuu
Aprili 2, saa 4:20 usiku

Mwanangu, Mungu akuzidishie. Kila ulichosema ni sahihi, na wataalamu wameandika hivyo hivyo. Niongeze kidogo tu: hao wafanana na mbayuwayu lakini si jamaa moja. Wengine huwaita teleka. Mbayuwayu hasa utamwona ametua kwenye waya. Teleka hatui kwenye waya wala ardhini, miguu yake ni ya kushika wima tu. Chakula chake anakipata hewani, na hata vifaa vya kujengea kiota anavidaka hewani, unyoya unaopeperuka, sufi ya msufi. Huku kwetu mji wa kale tuna ndugu zao wenye kiuno cheupe, jioni wanazunguka juu ya Fort Jesus wakipiga kelele. Wale wanajenga kwenye majengo. Huyu wa minazi kwa kawaida hana pengine pa kwenda ila kuti kavu.

BamburiKwetu
Aprili 2, saa 4:33 usiku

Nafuta neno langu. Sikujua kabisa. Nimeishi chini ya minazi maisha yangu yote.

UaniKisauni
Aprili 2, saa 4:50 usiku

Mimi pia. Na nimewaona mama! Kila jioni wanapita juu ya ua wetu kama mishale, na wanaingia upande wa ule mnazi wa pili. Katika daftari nimeandika "mbayuwayu, wanapita." Miaka yote hiyo nimeandika wanapita.

Ndugu Mkwezi, na yule mtoto je? Makuti yanaanguka kweli.

Mkwezi_wa_Frere
Aprili 3, saa 12:15 asubuhi

Usalama wa mtoto mbele. Sikusema yaachwe yote. Kuti linaloanguka ni lile lililolegea kwenye shina, ukilivuta kidogo lajitoa. Mbayuwayu hapendi hilo, hutafuta lililoshika. Mwambie mwenye nyumba asiite mtu mwingine. Nitakuja Jumamosi, nitapanda polepole, nitaangalia kuti moja moja. Lililolegea na halina kitu nitalishusha kwa kamba. Lenye kiota na limeshika, nitalifunga kwenye shina kwa kamba ya nazi, lisianguke mpaka wao watoke. Huchukua kama mwezi na nusu, yai mpaka kuruka. Hesabu ya kazi tutaongea, na kukagua sitoi bei.

NyaliMpya
Aprili 3, saa 2:44 asubuhi

Naomba kuchangia na lalamiko. Kwetu tunaongea mnana na chozi, lakini kunguru watamaliza kila kitu. Jana kunguru wawili wamechana viota vitatu vya mnana kwenye mnazi wa jirani mbele ya macho yangu. Mmoja anashika kiota kwa mguu, mwingine anapasua chini na kula mayai. Nimefikiria kuweka sumu kwenye nyama juu ya ukuta.

KitwitwiTudor
Aprili 3, saa 3:10 asubuhi

Tafadhali usiweke. Uchungu wako naujua, nami nimeona hayo. Lakini nyama hiyo italiwa na mwewe, na paka, na mbwa wa watu, na mtoto anaweza kuigusa. Sumu inayotumika dhidi ya kunguru ni maalumu, inawekwa na watu waliofunzwa, na kwanza huwalisha kunguru chambo kitupu mpaka wazoee ili ndege wengine wasile. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Ukiona makundi makubwa mahali, ripoti kwao.

La kufanya nyumbani ni taka. Kunguru huyu ni wa mtu. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale taka, hapa Mombasa akaonekana 1947, na popote penye jaa lililo wazi yeye ni mfalme. Pipa lenye kifuniko mbele ya kila geti la mtaa wenu litawasaidia mnana kuliko sumu. Na mtazame shingo kabla ya kumhukumu: mwenye shingo ya kijivu ndiye wa Bara Hindi. Mwenye kifua cheupe ni kunguru wetu, wa asili, msimguse.

KibokoniJuu
Aprili 3, saa 3:40 asubuhi

Na msiwasahau mramba. Yule ndege mweusi mwenye mkia uliogawanyika. Kwenye mwarobaini wa msikitini wetu kuna jozi, kunguru hakaribii. Mramba anamshukia kutoka juu, anamparamia mgongoni akiwa hewani, anamdonoa mpaka avuke barabara. Nimeona chozi wamejenga mti huo huo, chini tu ya mramba, na sidhani kwamba ni bahati. Miti mikubwa yenye mramba iacheni.

BamburiKwetu
Aprili 4, saa 1:05 asubuhi

Jana nilikwenda hifadhi ya Nguuni. Mvua imeingiza maji kwenye bwawa, kando ya mikoche kulikuwa na kanga, bata bukini, na mnana wa aina mbili kwenye matete, nikashindwa kuwatofautisha. Wote njano. Picha haikutoka vizuri.

KibokoniJuu
Aprili 4, saa 1:30 asubuhi

Tazama jicho. Madume yote mawili ni njano, lakini mnana wa minazi, Ploceus bojeri, ana kichwa chenye rangi ya chungwa na jicho jeusi. Yule mwingine jicho lake lina wekundu hafifu. Ukiwa karibu kiasi cha kuona jicho, huhitaji kitu kingine. Majike sahau, hata mimi huandika "mnana jike" nikaendelea.

Na ukisikia kati yao ndege mwingine akiita kwa mlio mkali wa kurudiarudia, sauti ikipanda, mtafute. Ni kekeo wa kijani, mgongo kama shaba iliyopata kutu, jicho jekundu. Huja na mvua, na hutaga kwenye viota vya mnana. Mnana wakimwona wote wanamfukuza, sauti ya ua mzima inabadilika.

UaniKisauni
Aprili 5, saa 11:50 jioni

Wapendwa, Mkwezi alikuja leo. Nawaandikia kabla sijasahau hata kidogo.

Alifika saa moja na kijana wake, kamba mbili, panga ndogo kiunoni. Hakupanda mara moja. Alikaa kwenye ngazi ya mlango akatazama ule mnazi wa pili karibu nusu saa, akanambia, "Wameingia watatu. Lile, lile, na lile la nyuma." Mimi na darubini nilikuwa nimeona mmoja. Kisha akapanda, miguu kwenye vikato, bila kuliegemea kuti lolote. Akalishika kila moja kwa viganja viwili, akalifunua kama mtu anayefunua pazia la mgonjwa. Makuti manne yalikuwa yamelegea na matupu. Ameyashusha kwa kamba, hakuna lililogonga ardhi. Miongoni mwao ni lile la juu ya kamba ya nguo, lililotutia hofu.

Makuti matatu yana wenyewe. Alinipigia picha kwa simu yangu. Ndani ya jani, kati ya vijiti viwili, kijipande cha manyoya ya kuku, nadhani wa kwetu maana ni mekundu yale, yamegandishwa na kitu kinachong'aa kama gundi iliyokauka. Mayai mawili meupe, marefu kidogo, yamesimama wima. Kuti la tatu lilikuwa na mama mwenyewe. Hakuruka. Aligeuza kichwa tu akamtazama Mkwezi, kucha zimezama kwenye manyoya, mkia umekazwa kwenye jani. Mkwezi akaacha kulifunua, akaliachia taratibu lirudi, akalifunga kwenye shina kwa kamba ya nazi mizunguko mitatu.

Mwenye nyumba alikuwepo. Nilimpa simu. Alikuza picha kwa vidole viwili, akaangalia kwa muda, akauliza, "Mpaka lini?" Mkwezi akamwambia mpaka katikati ya Mei, mwisho wa Mei. Akasema haya. Ameomba nimtumie ile picha.

Mnana hawakuhama. Viota sasa ni kumi na vinne. Yule dume aliyebomoa amejenga upya kwenye ncha ile ile, na leo jike alikuwa akiingiza majani laini ndani, kwa hiyo amekubaliwa.

Mwanafunzi_Mtwapa
Aprili 5, saa 12:20 jioni

Mama nimesoma mara mbili. Nyumbani kwetu kuna minazi sita. Kesho nitakaa chini nitazame jioni. Chole leo walikuwa wawili tu.

Mkwezi_wa_Frere
Aprili 5, saa 3:00 usiku

Mwanangu, kaa upande ambao jua liko nyuma yako, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo. Usitazame shina, tazama hewani kwanza, mfuate kwa macho mpaka apotee. Alipopotea ndipo.

Wakwezi wenzangu wa Likoni na Mtongwe nimewatumia picha. Wawili wameniambia wanajua mambo haya, ila hakuna mteja aliyewahi kuwauliza.

KitwitwiTudor
Aprili 6, saa 12:40 asubuhi

Mbayuwayu wa Ulaya, wale wa kutua kwenye waya, leo wamejaa kwenye waya za Mikindani, mamia, wote wameelekea upande mmoja. Ndege wa gramu ishirini hivi. Nadhani ni leo au kesho.

Siku ya Global Big Day iko Jumamosi ya pili ya Mei, ulimwengu mzima unahesabu ndege siku hiyo. Mwenye eBird, programu ya kuandikia hesabu za ndege, aingize zake, asiye nayo aniandikie hapa nitamwingizia. Ningependa mwaka huu Kisauni isomeke, na teleka wa minazi wawemo.

UaniKisauni
Aprili 6, saa 12:58 asubuhi

Wamo. Saa hii wametoka, nimehesabu sita juu ya kisima. Mvua imeanza tena, naanua nguo.